Mama Kayai Unamjua. Mary Khavere Je?

Muulize mathe wako kama anamjua Mary Khavere. Atakuangalia tu, labda adhani ni jina la mwalimu wako wa darasa la pili. Sasa mwambie "Mama Kayai". Hapo atacheka kabla hata ya kukujibu, na usipochunga atakuigizia vile Mama Kayai alikuwa anamfokea Mzee Ojwang.

Huyo ni mtu mmoja. Mary Khavere ndiye Mama Kayai wa Vitimbi, na amekuwa kwenye runinga ya Kenya tangu enzi za VoK, kabla wewe na mimi tuzaliwe. Lakini jina alilopewa na wazazi wake limefunikwa kabisa na jina alilopewa na kipindi. Sasa kama uko Kitale ama Bungoma na umeanza kurekodi vichekesho kwa simu ukiwa umejifunga leso ya shosho, kaa hapa kidogo. Maisha ya huyu mama yanakuhusu kuliko ya staa yeyote unayemfuata Insta.

Kwanza elewa vile mambo yalikuwa. Hadi 1990 Kenya ilikuwa na stesheni moja tu ya runinga, ya serikali. Iliitwa Voice of Kenya, halafu 1989 ikageuka kuwa KBC. KTN ndiyo ilikuja 1990 kuvunja huo ukiritimba. Maana yake, Vitimbi ikiwa hewani, hakukuwa na rimoti ya kupigania. Mtu alikuwa anaona Vitimbi ama anazima tenje. Na tenje zenyewe zilikuwa chache, kwa hivyo nusu ya mtaa ilikuwa inajazana kwa nyumba moja, watoto wakikaa chini, mwenye nyumba akijifanya haoni viatu vimejaa mlangoni. Hao wote walikuwa wanamwangalia mama mmoja akigombana na bwanake. Hakuna mtu wa TikTok leo ana watazamaji wa aina hiyo, wale hawana pa kuskrolia.

Huyo bwana ndiye Mzee Ojwang Hatari, na hapa ndipo stori inakuwa tamu. Ojwang na Mama Kayai walikuwa bibi na bwana Wajaluo, si ndiyo? Lafudhi ya Kijaluo, majina ya Kijaluo, maringo ya Kijaluo yote. Sasa jina halisi la Mzee Ojwang lilikuwa Benson Wanjau. Mkikuyu. Na Mary Khavere ni Mluhya. Mkikuyu na Mluhya walikaa kwa skrini miaka na mikaka wakiwa familia ya Wajaluo, na nchi nzima ikakubali, Wajaluo wenyewe wakiwa kwa mstari wa mbele. Watu waliamini ndoa ile mpaka mama wa watu akawa anaeleza tena na tena kwamba hao hawakuwa wameoana, ilikuwa kazi tu.

Ukiulizwa uigizaji ni nini, jibu hivyo.

Kuna waigizaji wa aina mbili, na hii tofauti ndiyo watu wengi hawaishiki. Kuna yule ambaye stori inamzunguka: dem mrembo, mapenzi, machozi, harusi mwisho wa sinema. Huyo ukimwona kwa kipindi kingine atakuwa bado ni yeye, amebadilisha nywele tu. Halafu kuna yule anayepewa kuwa shangazi, mama mkwe, jirani mbea, mama pima, chifu, mboch. Huyu haitwi kwa sababu ya sura. Anaitwa kwa sababu akiingia hapo ndani na kusema "hodi" tu, ushajua anatoka wapi, ana deni kwa nani, na jana alilala njaa ama alikula. Wazungu wanawaheshimu sana watu wa hii kazi. Sisi tunawaita "yule mama wa kuchekesha", halafu tunaendelea kula.

Na kabla udharau majukumu ya pembeni, kumbuka Lupita Nyong'o. Ile Oscar yake ya 2014, ya kwanza kwenda kwa Mkenya, haikuwa ya mwigizaji mkuu. Ilikuwa ya mwigizaji msaidizi, kwa kucheza Patsey kwenye 12 Years a Slave. Stori ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, Solomon Northup. Lupita aliingia pembeni akatoka na dhahabu.

Sasa turudi nyumbani, magharibi. Mwaka wa 2007 Citizen TV ilileta Papa Shirandula, na lafudhi ya Kiluhya ikakaa kwa kiti cha mbele cha runinga. Hata jina lenyewe: "papa" ni baba kwa Kiluhya. Charles Bukeko, wa kutoka Funyula kule Busia, akawa soja anayemficha bibi yake kazi anayofanya. Huyo bibi ni Wilbroda, ambaye kwa kitambulisho ni Jacqueline Nyaminde. Mboch akawa Awinja, yaani Jacky Vike. Nipe mkono kama umewahi kuita dem fulani mtaani "Awinja" kwa sababu ya vile anaongea. Ndiyo hivyo. Jina la mhusika likatoka kwa runinga likawa neno la mtaa.

Wacha niseme kitu ambacho huwa kinanikwaruza. Ile lafudhi ya Kiluhya ya runinga si ya Bungoma. Si ya mahali popote, kusema ukweli. Waluhya wana makabila madogo zaidi ya 15, na Mmaragoli, Msamia na Mbukusu hawaongei Kiswahili kwa njia moja. Runinga iliwachanganya wote kwa sufuria moja ikakoroga. Na waigaji wabaya, wale wamejaa mtandaoni sasa hivi, wanafikiri siri ni kugeuza kila "b" kuwa "p", kila "d" kuwa "t" na kila "g" kuwa "k". Wanasema "mpwa" wakimaanisha mbwa. Hakuna Mbukusu anasema hivyo!

Sikiliza vizuri uone. Ni kweli gari linaweza kuwa "kari", dawa ikawa "tawa", na zamani ikawa "samani". Lakini sauti za "b", "d" na "g" zikitanguliwa na "m" ama "n", Mbukusu anazo tangu utotoni. Mbwa kwa Kibukusu ni embwa. Kuku ni engokho. Unaona "b" na "g" ziko hapo zimekaa fiti? Kwa hivyo shosho wa Kimilili atakuambia "kari limekanyaga mbwa" na "mbwa" itatoka safi. Ndizi haitakuwa "ntisi", itakuwa "ndisi". Ukiigiza mtu wa Bungoma na ukakosea hapo, watu wa Nairobi watacheka, lakini watu wa Bungoma watajua wewe ni wakuja. Mwigizaji anayejua kazi anafuata sheria ya ulimi wa mtu. Mwigaji anafuata kicheko tu.

Na hapo ndipo Kitale ni hazina ambayo haijachimbwa. Si uongo, Kitale ni mji wa watu wote. Tembea sokoni asubuhi moja tu. Huyu wa nyanya anaongea Kibukusu, huyu wa nguo ni Mkikuyu aliyezaliwa hapa, huyu wa maziwa Mnandi, boda ni Msabaot, pale kuna Mturkana na Mpokot wameshuka na mbuzi, na Mkisii anauza ndizi akibishana na wote. Wote wanaongea Kiswahili, na kila mmoja anakivunja kwa njia yake. Mtoto wa Kitale anakua akisikia lafudhi sita kabla afikishe miaka kumi. Mtoto wa keja za huko Kanairo atalipia darasa kujifunza hicho kitu, na bado hatakipata. Mary Khavere alishika Kijaluo cha mdomo mpaka kikamshika yeye. Hiyo haikutoka hewani. Ni sikio.

Kuna kitu kingine lazima tukiangalie bila kujidanganya: kwa nini mboch wa runinga huwa anatoka magharibi? Kwa nini soja pia? Lafudhi ikisikika tu, prodyusa ashampa ufagio. Hii kitu si ya Kenya peke yake. Mwaka wa 1940 Hattie McDaniel alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda Oscar, kwa kucheza kijakazi kwenye Gone with the Wind, na usiku huo wa tuzo alikalishwa meza ya kando, mbali na wenzake wazungu wa sinema hiyo hiyo. Baadaye watu weusi wenzake wakamlaumu kwamba anawaaibisha kwa kucheza vijakazi kila mwaka. Unaona hiyo kona? Ukikataa jukumu unalala njaa. Ukilichukua unaambiwa unauza watu wako.

Maoni yangu, na unaweza kukataa: kosa si kucheza mboch. Kosa ni mboch kuandikwa kama hana kichwa. Awinja alipendwa kwa sababu hakuwa mjinga, alikuwa anawapangua mabosi wake huku ameshika mwiko. Mama Kayai naye, kelele zake zote, ndiye alikuwa na akili kwa ile nyumba. Mtu mdogo anayeona kila kitu, hilo ndilo jukumu tamu kuliko yote.

Sasa unaingiaje? Mimi niliachia chuo njiani, kwa hivyo sitakuhubiria mambo ya digrii. Lakini shule ina mlango mmoja mkubwa sana: tamasha la drama. Mashindano ya kitaifa ya drama ya shule na vyuo yamekuwepo tangu 1959, na yanapanda kwa ngazi, kutoka chini kabisa hadi kaunti, hadi eneo, hadi taifa. Chekesho moja hapa: Kitale iko Trans Nzoia, kwa hivyo inapandia Bonde la Ufa. Bungoma inapandia Magharibi. Unaweza kupanda matatu Kitale, ukapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, ukashuka Bungoma kabla chai yako ipoe tumboni, lakini shule za hii miji miwili zinakutana taifani tu, kama zitafika. Lugha ni moja, soko ni moja, mahakimu ni tofauti.

Halafu kuna vikundi vya vitabu vya kutahiniwa. Kama ulisoma Kigogo cha Pauline Kea, pengine kuna kikundi kilikuja shuleni kwenu na gari moja, spika mbili na waigizaji sita wakicheza watu kumi na tano. Unamkumbuka nani? Wengi wetu tunamkumbuka Mamapima, yule muuza pombe, kuliko hata Tunu aliyekuwa shujaa wa mchezo. Wale waigizaji wanacheza shule mbili ama tatu kwa siku moja, mbele ya vijana elfu moja ambao hawana huruma. Ukiboeka, ukumbi unakuonyesha papo hapo. Hakuna shule ya uigizaji kali kuliko hiyo, na inapita kwa barabara zenu kila mwaka ikitafuta watu.

Baada ya hapo ndipo shida ya umbali inaanza. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni karibu kilomita 380, na odisheni nyingi ziko huko. Unasafiri usiku, unaoga kwa beseni kwa rafiki Umoja, unasimama mbele ya kamera dakika mbili, unaambiwa "tutakupigia". Simu imepunguza hiyo taabu kidogo, kwa sababu sasa prodyusa anaweza kukuona kwa TikTok ukiwa bado Kanduyi. Na stesheni zinakuhitaji kuliko zinavyokubali. Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zinataka asilimia 40 ya vipindi viwe vya hapa nyumbani, na huwezi kujaza hizo saa na warembo wa harusi tu. Lazima kuwe na shangazi.

Tufike kwa ganji, kwa sababu hapo ndipo hizi stori huwa zinageuka.

Mzee Ojwang alipozeeka, macho yalimsumbua, na Wakenya wakachanga ili atibiwe. Fikiria hilo polepole. Mtu aliyechekesha taifa miaka zaidi ya 30 alihitaji harambee kutibiwa macho. Alifariki Julai 2015, na siku hizo watu walimtafuta Mama Kayai kutoa pole kama vile yeye ndiye mjane. Pole ilienda kwa mhusika. Charles Bukeko naye alifariki Julai 2020, wakati wa korona, na vichwa vya habari viliandika "Papa Shirandula ameaga". Familia yake ilizika Charles. Nchi ilizika Papa.

Waigizaji wa kizazi cha Vitimbi wamelalamika hadharani miaka mingi kuhusu malipo. Mpango wa kawaida wa kazi hii ni huu: unalipwa kwa kipindi ama kwa siku ya kurekodi, basi. Kipindi kikirudiwa mara ishirini, wewe ulilipwa mara moja. Klipu za Vitimbi ziko YouTube leo, na kila mtu akizicheka kuna pesa ndogo inasonga mahali. Swali ni inasonga kwenda kwa nani.

Jibu liko kwa karatasi uliyosaini, na wengi husaini wakiwa wamesimama, seti inasubiri, msee wa kamera anaangalia saa. Wewe ukifika hapo, angalia vitu vitatu. Kwanza, kurudiwa: je, kuna malipo kipindi kikirudiwa, kikiuzwa nje ya nchi ama kikiwekwa mtandaoni? Pili, kufungiwa: ukicheza shangazi hapa, unaruhusiwa kucheza shangazi kwingine, na kwa muda gani huruhusiwi? Tatu, na hili ndilo linauma zaidi, jina la mhusika ni la nani? Kama waandishi wa kampuni ndio walibuni mhusika wako, mara nyingi jina ni la kampuni. Watu watakuita hilo jina sokoni, kanisani, hata kwa mazishi ya babako, lakini ukitaka kuliweka kwa bango la shoo yako ya Krismasi, kuna mtu anaweza kukupigia simu.

Wale walioomoka vizuri ni wale waliovuka na jina kabla mlango ufungwe. Wilbroda alienda redioni Milele FM akiwa Wilbroda, si Jacqueline. Jalang'o, ambaye pia alipitia Papa Shirandula, alijenga jina lake mwenyewe kwa redio na kwa maiki ya sherehe, na 2022 likampeleka bungeni kama mbunge wa Lang'ata. Jina lake halisi ni Phelix Odiwuor, lakini wewe nani ungemjua kwa hilo?

Wewe wa simu uko na nafasi ambayo Mary Khavere hakuwa nayo. Mhusika uliyembuni mwenyewe, ukamwandika na kumrekodi hapo Kiminini kwa shamba la mahindi, ni wako tangu siku ulipobonyeza kitufe. Haki inaanza hapo, hata kama hujaenda ofisi yoyote. Lakini siku ya kesi utaulizwa ushahidi, na ndiyo maana kuna KECOBO, ofisi ya hakimiliki, ambapo unasajili skripti ama video zako, na unaweza kufanya hivyo mtandaoni bila kupanda basi. Jina lenyewe la mhusika ni kitu kingine, hilo linaenda KIPI kama alama ya biashara. Inalipiwa, na inachukua muda. Ifanye kabla ya ile tangazo ya kwanza ya unga kukupata, kwa sababu kampuni ikija na wakili, itauliza swali hilo la jina kabla ya kukuuliza kama unajua kuigiza.

Na ukisaini, itisha nakala. Usikubali "tutakutumia". Simama hapo hapo mlangoni na leso yako ya shosho mpaka karatasi ikupate mkononi.